Wenye Walisoma Jamhuri ya Kijiko

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, kidogo tu, ya kulowesha vumbi. Nimenunua daftari hii juu nimechoka kueleza. Hapa angalau hakuna mutu wa kunikonyezea jicho.

Mambo iko hivi. Nimeandika kitabu. Mi Valéry, déclarant ku bandari, mutu wa kupitisha karatasi za mizigo, wa miaka makumi tano na kitu, mwenye aliachia masomo ku darasa ya kumi, nimeandika roman. Inaitwa Jamhuri ya Kijiko. Ni hadithi ya wavutaji wane wa boost, ile poda yenye inamaliza vijana mu mji huu. Wanaishi mu nyumba moja ya kubomoka mu Jabe, mutaa ya hapa Bujumbura. Wanaona inchi ya watu wazima imewashinda, basi wanaanzisha yao. Mumoja ni Président, mwingine Waziri wa Kijiko, ile ya kuyeyushia poda, mwingine Waziri wa Aluminium, ile karatasi ya kuvutia, na wa ine ni raia, juu serikali bila raia haiendeke. Wanapiga kura, wanapinduana, wanaandika katiba nyuma ya paketi ya sigara. Inachekesha. Mwisho raia anakufa, na serikali nzima inakosa mutu wa kutawala. Hiyo pia inachekesha, lakini vibaya.

Rachidi, mwenye ana secrétariat, duka ya kuchapa na fotokopi, karibu na soko ya Jabe, njo aliichapisha. Alishona mugongo yake na ile mashini anashoneaka mémoire za wanafunzi wa kumaliza université. Watu wameinunua kama mukate, na sasa kila mwenye amesoma ananiuliza swali moja: uliacha mwaka gani?

Sijaacha. Sijaanza. Mi ata sigara sijawahi kuvuta. Ku bandari nikikunja mikono ya shati, wenzangu wanaangalia mishipa. Nikisema sijawahi, wananipiga ku bega polepole, kama vile unapigaka mutu wa kufiwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mutu mumoja wa ku bandari, mukubwa sana wa cheo, ameniuliza kama Waziri wa Aluminium ni yeye. Nikasema apana. Amekasirika, na dossier yangu ya saruji imelala mu ofisi yake bila sahihi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Chef wa quartier, mukubwa wa mutaa yetu, amepita ku nyumba. Alitaka kujua ile katiba ya mu kitabu iko ya inchi gani. Nikamuambia ni ya watu wane wenye hawana ata mulango. Akasema atasoma tena. Mvua usiku yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike juu ya Eddy.

Eddy ni mudogo yangu, wa tumbo moja. Mi njo mukubwa, yeye njo mwenye akili, baba yetu alisemaka hivyo mbele ya wageni. Eddy alifika ku université, na ku université njo alikutana na boost. Miaka mingi alilala mule mu Jabe. Sasa analala ku annexe, kale kanyumba ka nyuma, hapa Ngagara, mu nyumba yenye baba alituachia. Asubui anaenda Jabe kuvuta, mangaribi anarudi. Siku ya yenga, Jumapili, anakuja ku barza yangu, ninamupa kitu ya kunywa, na yeye ananipigia hadithi. Kila kitu yenye iko mu kitabu imetoka mu kinywa yake. Katiba, kura, mapinduzi ya kuibiana blanketi. Mi nilipanga tu, nikaweka koma.

Tulipatana kwamba ku kava tutaweka majina mbili. Rachidi alisema majina mbili yatajaza kava. Basi iko yangu.

Eddy aliona kava, akaigeuza, akaangalia nyuma, akairudisha. Alisema ni muzuri, karatasi ni ya nguvu.

Jumatano, 15 Oktoba

Kijana mumoja amenisimamisha ku arrêt ya bus. Amesoma mara mbili. Ameniuliza wapi wanapata ile boost ya kuchekesha, juu yenye rafiki zake wanavuta inawalalisha tu. Nilimujibu kwamba raia anakufa ku mwisho. Akasema hajafika ku mwisho. Mara mbili, na hajafika ku mwisho.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo nimefanya kitu.

Pasteur Gélase, wa kanisa yetu, alisoma kitabu kwa siku moja, akalia ku kifo ya raia, akaniita. Alitaka nitoe ushuhuda ku sala. Nikamuambia, Pasteur, mi ni mwandishi tu. Akasema njo vizuri, njoo useme vile uliandika. Nikaona ni nafasi ya kumaliza hii maneno: nitasimama mbele ya Ngagara nzima, nitasema sijawahi, na kesho nitakunja mikono ya shati kwa amani.

Nilisimama. Nikaanza, "Ndugu zangu, mi naitwa Valéry." Mara hiyo mupiga kinanda akaanza kupiga polepole chini ya sauti yangu, vile wanapigaka wakati mutu anatoa ushuhuda. Mwenye hajasimama pale hawezi kujua. Ile muziki inakushika mu mugongo na kukusukuma. Mu ile muziki huwezi kusema mi ni déclarant. Mbele yangu kulikuwa mama mumoja, Mama Chanelle, mwenye mutoto yake anajulikana mu Jabe. Alikuwa ameshika kanga ku mudomo na kuniangalia kama mutu mwenye anasubiri dokta atoke.

Nikasema, "Nilikuwa kule. Mungu akanitoa."

Amina yao ilitikisa mabati. Na, niseme ukweli, nilisikia raha. Niliendelea. Niliwapa ile hadithi ya blanketi, nikasema ilikuwa blanketi yangu. Walicheka, walilia, Mama Chanelle alinishika mikono mbili.

Tulirudi kwa miguu, mi na muke yangu Béatrice, chini ya parapluie moja. Ku mulango akafunga parapluie, akaikung'uta maji, akaniuliza kama nitamuambia Eddy nini: kwamba nimemuchukulia ata ugonjwa?

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Dossier ya saruji imetoka. Yule mukubwa alisikia ushuhuda ku simu ya mutu, akanikumbatia.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tulienda ku sherehe ya mahari ya binti wa jirani. Meza zote zilipata vijiko, isipokuwa yetu. Tulikula wali na uma. Mama wa binti akaja kuinama ku sikio ya Béatrice, akasema ni kwa kutusaidia, ili shetani asipate nafasi. Béatrice akamushukuru. Njia ya kurudi alitembea mbele yangu.

Jumapili, 26 Oktoba

Eddy ameniletea habari ya wasomaji wengine. Kule mu nyumba ya kubomoka wana kitabu moja, mumoja anasoma na sauti, wengine wanasikiliza. Nilimuuliza walisema nini. Nilitaka sana kujua, kuliko vile nilitaka kujua ya Pasteur.

Alisema walicheka mpaka katikati. Kisha mumoja akasimamisha musomaji, akasema huyu mwandishi hajawahi kuwa mu manque, ile mateso ya mwili ukikosa boost. Mu kitabu yote hakuna mutu anatetemeka. Hakuna mutu anajikojolea. Hawa ni watu wa sinema.

Kumbe mu Bujumbura nzima wenye wameniamini kwamba sijawahi kuvuta ni wavutaji peke yao.

Nikamuambia Eddy, na we hukuniambia juu ya manque.

"Haikuwa inachekesha," akasema. "Na we, Grand, ulipendaka za kuchekesha."

Grand njo ananiitaka, kaka mukubwa. Alisema hivyo bila hasira. Alikuwa anachuna lebo ku chupa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nilidanganya ku tarehe 12. Rachidi hakusema majina mbili yatajaza kava. Alisema kuna nafasi ya majina sita. Mi njo nilitoa ya Eddy, juu nilifikiri watu watasema: aa, ni ya yule muvutaji, Valéry aliandika tu vile aliambiwa. Sasa wanasema muvutaji ni mi. Ukiweka hiyo mu roman watasema umezidisha.

Jumapili, 2 Novemba

Ushuhuda tena, ku kanisa ingine. Walinitumia gari.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ya mawe. Eddy hakuenda Jabe asubui. Nilimukuta amekaa ku kitanda, viatu miguuni, hajui kama anatoka ao anabaki. Akasema, "Grand, nimechoka. Nataka ile sirop."

Kuna asosiasyo mu Jabe yenye inapana sirop ya kuachia boost. Unaenda kila asubui, unakunywa mbele ya infirmière, muuguzi wao, unarudi. Nafasi ni kidogo, na wana sheria moja: huingie peke yako. Lazima uletwe na parrain. Parrain ni mutu mwenye alivutaka yeye mwenyewe na akaacha. Juma ya kwanza parrain anakaa na mugonjwa muchana na usiku, juu yeye njo anajua yenye mugonjwa anapitia. Eddy alijua wavutaji wengi. Wenye waliacha, hakumujua ata mumoja.

Tulienda pamoja. Infirmière Amélie, mwanamuke mufupi mwenye anaongea haraka, aliniona ku mulango na kusimama. Alikuwa ku sala ile siku ya ushuhuda. Nikafungua kinywa nimuulize Amélie wapi Eddy anaweza kupata parrain. Akanikata, akageukia Eddy. "Parrain unaye ku nyumba."

Eddy aliniangalia. Nilijua niseme nini, maneno yalikuwa tayari mu kinywa. Lakini nafasi ilikuwa moja, na nyuma yetu kulikuwa foleni.

Nikasema, "Ndiyo."

Inje, mu maji ya mufereji, Eddy akaanza kucheka. "We ata bia moja inakulalisha." Nikacheka pia. Nikamuambia parrain wa uongo ni bora kuliko kukosa parrain. Ilikuwa imeonekana hivyo kabisa, pale mu mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Eddy amekunywa sirop ya kwanza. Wanaanza na kidogo, wanapandisha polepole. Amélie alinieleza alama za kuangalia, haraka haraka, kama vile unaelezaka mutu mwenye anajua. Nilitikisa kichwa ku kila moja.

Jumamosi, 8 Novemba

Niandike yenye ilitokea.

Béatrice alikuwa Gitega, ku levée de deuil, kumaliza matanga ya mujomba yake. Tulibaki mi na Eddy. Mvua ilianza saa sita na haikuacha. Kufika saa nane Eddy alikuwa amejikunja ku kitanda. Pua inatoka maji, miguu inapiga ukuta yenyewe, jasho na baridi pamoja. Alikuwa anapiga miayo mikubwa, moja nyuma ya ingine, kama mutu mwenye usingizi, na macho wazi kabisa. Halafu akatapika. Halafu akalia. Miaka yote sijaona mudogo yangu analia.

Nilifikiri anakufa. Mu kitabu yangu hakuna hii page.

Aliniambia, "Ita Amélie."

Nilikuwa na simu mu mukono. Numéro iko. Sikupiga. Nisikie aibu ya nini ile saa? Lakini nilisikia. Parrain hapigake simu kuuliza kama miayo ni ya kufa. Amélie angejua mara hiyo kwamba sijawahi. Nikamuambia Eddy subiri, inapita, na yeye akasema we unajua nini, Valéry. Hakusema Grand.

Ikaendelea. Akaanza kuomba. Haniombe mi, anaomba ukuta. Na mi nikafikiria kitu yenye nilijua kabisa, yenye iko mu kitabu, chapitre ya tatu: raia anakosa poda, anasumbua watu, wanamupa, anatulia. Nilichukua bus ya Jabe.

Muuzaji mumoja wa boost alikuwa chini ya bâche, ile turubai ya mvua, ku njia ya nyuma ya soko. Sikujua ata namna ya kuomba. Sikufungua kinywa. Aliniona tu, akasimama, akaita wengine.

"Président!"

Walitoka wote. Mumoja alijua katiba kwa kichwa. Nikatoa feza, muuzaji akarudisha mukono yangu ku mufuko, akasema kwa Président ni bure, kitabu ilimuchekesha mama yake mugonjwa. Halafu akaomba picha. Nilisimama pale, mvua inanipiga, kapakiti mu mukono, na mutu mumoja akasema tucheke. Nilicheka.

Ku nyumba Eddy aliona kitu yenye nilileta, akageuka ku ukuta. Akasema, ondoa hiyo. Alisema mara mbili. Niandike wazi: alikataa mara mbili. Mara ya tatu sikusubiri ajibu. Nilimusaidia mi mwenyewe, na mikono yenye inaandika hii.

Alitulia. Nilifurahi. Nilimufunika blanketi, nikakaa ku kiti, nikasema mu roho, umeona, parrain anajua kazi.

Mvua ilipunguka kidogo, na njo nilisikia kwamba sisikii Eddy. Alikuwa anavuta pumuzi moja, halafu hakuna, hakuna, hakuna, halafu moja. Midomo yake ilikuwa rangi ya wino. Nilimutikisa. Nilimupiga kofi. Sasa njo nilipiga simu.

Amélie aliuliza swali moja tu: amepata kitu juu ya sirop? Nikasema ndiyo. Akaniambia nimulaze ku ubavu, nimuite jina, nisiache kumuita. Alikuja na pikipiki, ameloa mpaka ndani, akamuchoma sindano. Nilikuwa bado naita. Eddy alifungua macho, akatapika ku viatu yangu, akanitukana mu Kirundi, matusi ya baba yetu. Sijawahi kusikia kitu tamu kama ile.

Amélie akafunga sanduku yake. Aliniambia kila mutu mwenye alivuta, kila mumoja, ata mulevi wa mwisho wa Jabe, anajua kwamba juu ya sirop hawekake kitu. Aliniuliza mi nilifanyaje kusahau.

Niliinama kufuta viatu. Alifikiri ni haya.

Jumapili, 9 Novemba

Béatrice amerudi. Nimemuambia yote. Alienda kulala ku annexe, ku mukeka, karibu na kitanda ya Eddy.

Jumatatu, 10 Novemba

Ile picha imetembea. Mi na wauzaji, ninacheka, kapakiti mu mukono. Ku bandari hakuna mutu alinisalimia, isipokuwa yule mukubwa, mwenye aliniambia yeye pia ana shida zake.

Jumatano, 12 Novemba

Komite ya asosiasyo imekaa. Tuliitwa mi na Eddy. Waliona picha. Wakakata hivi: parrain ameanguka, na kwa kuanguka amemuvuta chini mugonjwa yake. Eddy anapoteza nafasi. Na nafasi yake, juu parrain mwenye anaanguka ni dharura, inakuja kwangu.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Nikauliza, nafasi ya Eddy munanipa mi? Wakasema nisione haya. Nikasimama, nikasema sijawahi kuvuta, ata siku moja, kitabu ni maneno ya mudogo yangu, ushuhuda ni uongo, niliusema sababu ya kinanda. Waliangaliana. Mumoja wao, muzee wa sauti tamu, alisema kukataa ni hatua ya kwanza, kila mutu anapitia, ata yeye alipitia.

Miezi miwili nasema sijavuta. Nikisema ukweli wanakonyeza, nikisema uongo wanalia, na nikirudi ku ukweli wananipa dawa.

Nikaomba kikombe. Nikasema munipime mukojo sasa hivi. Wakanipima. Hakuna kitu. Wakasema labda ni mukojo ya mutu mwingine. Nikarudia, na yule muzee wa sauti tamu amesimama nyuma yangu ku choo anachungulia, na mi namuomba Mungu itoke. Ikatoka. Hakuna kitu.

Amélie alikaa chini na kile kikombe mbele yake. "Basi we ni nani?"

"Mi ni déclarant," nikasema.

Eddy alikuwa ku kiti ya pembeni. Alicheka peke yake, bila sauti, mabega tu.

Amélie hakucheka. Alisema angependa ningekuwa nimevuta. Watu wengi walikuja ku asosiasyo juu ya ushuhuda yangu, Mama Chanelle alileta mutoto yake kwa mukono. Sasa wote wanaona picha na kusema kama Président amerudi, mi nitaweza nini. Akasema Eddy hana kosa, yeye atamutetea. Lakini komite haitamurudisha mpaka ile uongo itolewe pale pale iliwekwa. Na Eddy lazima apate parrain wa kweli. Mpaka ile siku, hakuna sirop.

Ijumaa, 14 Novemba

Eddy anaenda Jabe tena.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ilipiga tangu alfajiri, lakini kanisa ilijaa. Walijua nitasema.

Nilisimama pale pale. Mara hiyo kinanda ikaanza. Nikageuka, nikamuomba yule kijana aache. Aliangalia Pasteur, akaacha. Bila kinanda nilisikia mvua na sauti yangu, na sauti yangu ilikuwa ya mutu wa kusoma bei ya saruji.

Nilisema yote. Kwamba sijawahi kuvuta. Kwamba hadithi ni za mudogo yangu, na nilitoa jina yake ku kava. Kwamba nilichukua ugonjwa yake nikautumia kupata amina. Kwamba nilijifanya parrain, na juu ya aibu ya kuuliza nilimupa yenye ilitaka kumuua, na kwamba alikataa mara mbili.

Hakuna mutu alisema amina. Mama Chanelle aliniangalia, kisha akaangalia chini. Hapo nyuma mwanamuke akasema na sauti ni Ibilisi, anamurudisha nyuma. Mwingine akasema maskini, amevuta leo asubui. Pasteur Gélase akashuka, macho yamejaa machozi ya upendo, akaniwekea mikono ku kichwa, na kanisa nzima ikaanza kuomba niokoke. Nilijaribu kutoa kichwa. Ni mutu wa mikono mizito. Kadiri nilisema sijavuta, ndivyo walizidisha. Nilitaka kulia, na kama ningelia wangesema maombi yameingia.

Mulango ukafunguka. Eddy. Amelowa, suruali inamuanguka, na ile rangi ya uso yenye haiitaji kuelezwa. Béatrice alikuwa nyuma yake. Sikujua alikuwa ameenda kumutafuta.

"Muacheni huyo," Eddy akasema. "Muvutaji ni mi. Yeye ata kijiko hajui kushika."

Walimuangalia. Kumuangalia kulitosha. Maombi yakakatika, upande huu, kisha upande ule. Pasteur alitoa mikono yake ku kichwa yangu, na nikaona anataka kuipeleka kwa Eddy, na Eddy akarudi nyuma hatua moja, akasema apana, Pasteur, mi natafuta tu parrain.

Kisha mwanaume mumoja ku benchi ya mwisho akasimama. Hakuwa wa pale, alikuwa amekuja kutengeneza générateur ya kanisa, koti yake iko na mafuta. Moubarak, fundi wa mutaa ya Buyenzi. Alisema na sauti ya chini kwamba yeye alivutaka, ni zamani, ku mutaa yao wanajua, na kama ni kukaa tu na mutu, yeye anaweza kukaa.

Alimuuliza Eddy maswali mawili matatu yenye sikuelewa. Eddy alijibu. Wakatoka pamoja mu mvua, wanaongea kama watu wenye walisoma darasa moja.

Jumatano, 19 Novemba

Komite imemurudisha Eddy. Atakaa kwa Moubarak juma mbili. Moubarak alinipigia simu, kwa heshima, akaniita muzee. Aliomba nisiende kule. Kama kuna kitu ataniita. Nilimuuliza kama Eddy anatetemeka. Akasema ndiyo, muzee, anatetemeka, na ni vizuri.

Jumatatu, 24 Novemba

Watu wanarudisha kitabu kwa Rachidi. Wanasema ni ya uongo, mwandishi hajavuta. Hawa hawa wenye walicheka mpaka kushika mbavu. Rachidi ananipigia simu kila mara. Anasema, bwana Valéry, ni kitabu ileile, ata koma haijahama. Mumoja alirudisha page ya kifo ya raia ikiwa imelowa machozi na kusema amedanganywa.

Ku bandari sasa wananiita Mwandishi, na wanacheka. Zamani nilitaka sana waniite hivyo.

Ijumaa, 5 Desemba

Eddy amerudi ku annexe. Ameongeza mwili ku uso. Anaenda asubui ku sirop peke yake, anarudi, anafagia uwanja bila kuombwa. Tunasalimiana.

Jumapili, 14 Desemba

Nilimuambia Eddy kwamba Rachidi anaweza kuchapisha tena, na jina yake mbele, yangu nyuma, ao yangu hakuna kabisa. Alifikiri sana. Akasema niiache vile iko. Ile kitabu ni yangu kweli, akasema, juu yeye siku zote alikuwa anachagua zenye zitanifurahisha. Angeandika yeye, haingekuwa ile.

Nilimuuliza ingekuwa nini. Alisema anaenda kulala.

Jumanne, 23 Desemba

Mvua. Hakuna kitu.

Jumapili, 28 Desemba

Béatrice alikuwa anachambua maharagi ku jikoni, mi nilikuwa ku barza, mvua inapiga mabati kama changarawe. Eddy akarudi kutoka ku sirop, anakimbia, na anacheka peke yake. Kuna kitu ilitokea kule ku foleni, ilionekana mu uso yake yote, ile uso ya zamani, kabla ya université. Alipanda ku barza, akafungua kinywa, akaanza, "Grand, leo Moubarak na yule muzee wa komite..."

Na akaniona. Sijui uso yangu ilikuwa namna gani. Labda nilikuwa nimejivuta mbele ku kiti. Labda nilikuwa tayari naweka koma.

Alifunga kinywa. Hakukasirika. Akanipiga ku bega, akasema, "Hiyo apana. Hiyo ni yangu."

Akaingia ku jikoni. Nilisikia anavuta kiti. Nilisikia sauti yake inaanza, ya chini, inapanda, kisha Béatrice akasema "apana, Eddy, apana," vile anasemaka akiwa ameanza kushindwa, na halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Wakacheka wawili. Mvua ilikuwa inafunika maneno. Kama ningesogeza kiti mpaka ku mulango, ningesikia.

Sikusogeza.